Hela ya Mtoto ni ya Mtoto: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mwanao Kutafuta na Kutunza Pesa

Kila Desemba huku Moshi mambo ni yale yale. Mabasi kutoka Dar yanajaa, barabara za kupanda Kibosho, Uru na Machame zinajaa magari yenye vumbi la safari, na wajomba na mashangazi wanashuka na noti mfukoni. Mtoto anaamkia, anapewa. "Chukua ununue soda." Hajamaliza kusema asante, mzazi yuko nyuma yake: "Lete nikutunzie."

Na mimi nimewahi kutunza. Binti yangu alikuwa na miaka 8, akakusanya shilingi 37,000 kati ya Krismasi na mwaka mpya. Nikazichukua. Februari akanifuata, kwa adabu kabisa: "Baba, naomba ile hela yangu ninunue begi." Haikuwepo. Nusu ilinunua pumba za ng'ombe, nusu ilimalizia ada ya kaka yake. Nikampa lile jibu ambalo wazazi tunalo tayari mdomoni: "Kwani unakula wapi? Unalala wapi?" Akanyamaza. Desemba iliyofuata alipopewa elfu mbili alikimbia nayo moja kwa moja dukani kwa Mangi, na jua halijazama alikuwa hana hata mia. Nikamgombeza kwamba hajui kutunza hela. Mama yake akaniangalia tu.

Mtoto yule alikuwa anajua hesabu kuliko mimi. Hela inayobaki mkononi mwake inachukuliwa, hela aliyoila hakuna wa kuichukua. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mtoto.

Hatua ya kwanza: lipa unachodaiwa

Kaa na mwanao, muulize unadaiwa shilingi ngapi. Usishangae akikutajia hadi mia. Kama huwezi kulipa zote, mpe nusu na umwambie tarehe ya nusu nyingine, kisha tarehe hiyo uifuate kama unavyofuata ya kikoba. Mimi nililipa 37,000 kwa mafungu matatu. La kwanza alilipokea kama anayeshika kitu cha moto.

Kuanzia hapo weka sheria moja nyumbani: hela ya mtoto haichukuliwi. Inaweza kukopwa, kwa kuombwa, kwa kuandikwa, na mtoto ana ruhusa ya kukataa. Najua kuna wazee watakaosema huku ni kumlea mtoto kizungu. Lakini mzee huyo huyo alipokuwa mdogo alipewa kuku wake, au mbuzi, na kila mtu pale kihambani, kwenye shamba la familia, alijua huyu ni wa nani. Mtu akimchinja bila kumwambia ilikuwa kesi.

Hatua ya pili: kopo analoliona ndani

Kibubu cha mbao cha fundi seremala ni kizuri kwa mtu mzima anayejikinga na tamaa yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 hakifai sana, kwa sababu hela ikishaingia kwenye tundu haionekani tena, na kisichoonekana amekisahau. Tafuta kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lile la karanga au la asali. Sarafu zikipanda anaziona, akitoa anaona zimeshuka.

Makopo yawe mawili. Moja la kula, yaani la pipi, barafu, ubuyu, na hapo usimuulize kitu. La pili ni la lengo, na nje ubandike picha au jina la kitu anachokitaka pamoja na bei yake. Sadaka sijaiwekea kopo la tatu kwa sababu kwetu Jumapili haikwepeki. Kinachobadilika ni kwamba anatoa kwenye hela yake, si sarafu niliyomsukumia mkononi mlangoni mwa kanisa. Mara ya kwanza binti yangu alitoa 50. Sikusema neno, ingawa ilinikereketa.

Lengo la kwanza liwe dogo, la kufikiwa ndani ya wiki tatu au nne. Mtoto wa miaka 7 ukimwambia aweke hela ya baiskeli unamwonea. Aweke ya mpira.

Hatua ya tatu: toka kwenye mia tano ya kila siku

Wengi tunampa mtoto 500 kila asubuhi anapokwenda shule. Hiyo inamfundisha kitu kimoja tu, kwamba hela inaletwa na asubuhi. Akifika miaka 8 au 9, mpe yote Jumatatu: 2,500 kwa siku tano. Mwambie wazi kwamba hakuna nyingine hadi Jumatatu ijayo.

Ataimaliza Jumanne. Wa kwangu aliimaliza Jumatatu saa nane mchana, na alinunulia rafiki zake. Hapa ndipo wazazi wengi tunaharibu. Jumatano asubuhi tunamwonea huruma, tunaongeza 500 "ya leo tu", na zoezi linaishia hapo. Usiongeze, na usimsimange. Kukosa kwenyewe kunatosha. Ila zingatia jambo moja: hela ya chakula isiwe ndani ya zoezi hili. Kama shuleni kwake hakuna uji wala chakula cha mchana, mfungie chakula kutoka nyumbani. Mtoto mwenye njaa hajifunzi chochote, anaiba tu au anaombaomba.

Kwetu ilichukua wiki tano ndipo mara ya kwanza Ijumaa ikamkuta na 300.

Hatua ya nne: kazi ipi inalipwa, ipi hailipwi

Kuosha vyombo, kufagia uwanja, kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe, kumwangalia mdogo wake: hizo hazilipwi. Ni kazi za kuishi pamoja. Ukianza kulipia vyombo, siku asipohitaji hela atakuambia leo sitaki, na utakuwa huna jibu.

Kazi inayolipwa ni ile ambayo ungemlipa mtu wa nje. Kuosha pikipiki, kumwaga samadi shambani Jumamosi, kupanga kuni zilizoletwa na mkokoteni. Patana naye bei kabla ya kazi. Kazi ikiwa mbovu, arudie kabla hujalipa. Ikiwa nzuri, lipa palepale, usimwambie "nitakupa mwisho wa mwezi". Vibarua wa nchi hii wanaujua wimbo huo vizuri.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, yaani ile isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa hiyo haya yote yafanyike nyumbani au ukiwa naye, chini ya macho yako, kwa saa chache za Jumamosi na likizo. Mtoto wa darasa la nne anayezungushwa stendi na beseni la mayai ya kuchemsha hafundishwi fedha. Anatumikishwa.

Hatua ya tano: biashara ya kwanza, na hesabu yake yote

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye shule yenyewe.

Binti alipofika miaka 11 alitaka viatu vya michezo, na lengo lilikuwa halijazi kopo kwa mwendo wa 300 kwa wiki. Akaamua kuuza karanga za kukaanga. Mtaji nilimkopesha. Tukaenda soko la Mbuyuni Jumamosi asubuhi, akanunua kilo mbili kwa 4,000 kila moja. (Bei hizi ni zetu za siku ile, wewe weka za soko lako.) Akakaanga na mama yake kwa chumvi kwenye sufuria pana, moto mdogo, anageuza bila kuacha. Karanga ukiigeuzia kisogo dakika moja inaungua upande mmoja, na karanga iliyoungua haina mteja. Akafunga kwenye karatasi safi nyeupe zilizokunjwa pembe, akipima kwa kikombe kidogo cha kahawa. Zikatoka pembe 60, kila moja 200.

Alizipeleka kwa majirani, kwa mafundi wanaojenga nyuma yetu, na Jumapili nje ya kanisa baada ya ibada, mimi nikiwa hapo hapo. Jumapili jioni akamwaga hela mezani. "Baba, nimepata faida elfu kumi na sita mia!" Alimaanisha 10,600.

Nikamwambia alete daftari. Tukaandika pamoja, mstari kwa mstari:

Karanga kilo 2: 8,000
Mkaa: 1,000
Chumvi: 200
Karatasi: 300
Nauli ya daladala kwenda na kurudi: 1,000
Jumla iliyotoka: 10,500

Akaangalia ile 10,600. Akaangalia 10,500. Faida shilingi mia moja, kwa siku mbili za kazi. Machozi yakamlenga.

"Pembe zilikuwa 60," nikamwambia. "Mara 200 ni ngapi?" Akapiga: 12,000. Basi 1,400 iko wapi? Ilikuwa tumboni mwa mdogo wake wa miaka 6, pembe saba, moja moja, tangu Jumamosi mchana.

Usimwokoe mtoto kwenye hesabu kama hii. Kishawishi ni kikubwa kusema mkaa na chumvi ni vya nyumbani, visihesabiwe, ili faida ionekane nzuri. Ukifanya hivyo unamlea mfanyabiashara ambaye miaka 20 baadaye atakuwa na duka lililojaa watu, halafu duka linafungwa na yeye hajui kwa nini. Mkaa wa nyumbani ni mkaa. Nauli ni nauli hata kama mlikuwa mnakwenda sokoni hata hivyo, angalau kwa mara ya kwanza, ili aione.

Kisha muulize yeye angebadilisha nini. Wa kwangu alikuja na mambo mawili. Kikombe kisijazwe kichuguu, kipimwe kwa kusawazisha mdomo, na hapo zinatoka pembe 70. Na mdogo wake akitaka karanga, anunue kwa kopo lake la kula. Jumamosi iliyofuata aliuza 14,000, ikatoka 10,500, ikabaki 3,500. Mdogo wake alikuwa mteja wa pembe mbili, na aliomba apunguziwe.

Kama karanga hazikufai, kuna kashata, visheti, au barafu za ubuyu kama friza ipo na umeme haukatiki katiki. Mwenye eneo dogo nyuma ya nyumba anaweza kuotesha mchicha, unaovunwa ndani ya wiki nne hivi. Ila mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mtoto azoee karatasi au mteja aje na chombo chake.

Hatua ya sita: mtaji usiliwe, deni liandikwe

Baada ya mauzo ya kwanza ongeza kopo la tatu: mtaji. Hela ikiingia, kwanza inarudi ile iliyotoka, yote, ndani ya kopo la mtaji. Kinachobaki ndicho cha kugawa kati ya kula na lengo. Mtoto akilielewa hili amewapita watu wazima wengi ninaowafahamu, nami nikiwemo kwa miaka kadhaa.

Daftari liwe na safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kurasa za nyuma ziwe za madeni. Maduka mengi yameandika ukutani "Mali bila daftari hupotea bila habari", na mwenye duka anakopesha kwa kichwa. Mtoto akopeshe mteja mmoja mmoja, kwa kuandika, na asiyelipa asikopeshwe tena hata akiwa shangazi. Nilipaswa kwenda mwenyewe kwa jirani mmoja kudai 600 ya binti yangu. Aliona aibu, akalipa. Kumdhulumu mtoto ni rahisi sana, kwa sababu hajui kudai. Mfundishe kudai kwa heshima: "Shikamoo mama, nimefuata hela ya karanga za Jumapili."

Hatua ya saba: kijana wa miaka 14 na zaidi apewe kitu kinachoweza kufa

Karanga zikiharibika umepoteza 8,000. Kijana anahitaji kitu cha miezi mingi, kinachokula kila siku na kinachoweza kumponyoka. Kwetu kilikuwa kuku.

Sikukuu za Desemba huku ni soko tosha: kila boma lina wageni, na kila mgeni anataka supu. Kijana wangu wa miaka 15 alianza kuhesabu kurudi nyuma. Kuku chotara anahitaji miezi minne hadi mitano awe na uzito wa kuuza, basi vifaranga wa mwezi mmoja waingie bandani mwisho wa Agosti. Nilimkopesha 150,000 kwa karatasi yenye sahihi zetu wawili na mama yake shahidi, bila riba, marejesho wiki ya mwisho ya Desemba. Vifaranga 15 wakala 60,000. Chakula cha dukani 84,000, na kingine waliokota wenyewe na masalia ya jikoni. Chanjo na dawa 6,000.

Chanjo asiiache. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unafagia banda zima ndani ya siku chache na hauna dawa, kinga yake ni chanjo tu. Ile ya matone inawekwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko alionao, na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo alizunguka kwa majirani wachangie, wakachanja siku moja. Mwezi wa kumi upande wa pili wa mto kuku walikufa ovyo. Wake walibaki. Alipoteza watatu tu, wote kwa mwewe, na kila mmoja alimwandika kwenye safu ya kilichotoka kwa mwandiko wa hasira.

Aliuza 12 wiki ya Krismasi, kwa 20,000 kila mmoja. 240,000. Akanirudishia 150,000 zangu, ikabaki 90,000. Akauliza swali zuri kuliko yote: "Baba, kwa miezi minne?" Tukagawanya. 22,500 kwa mwezi. Akawaza kuongeza idadi. Nikamwambia na mwewe naye ataongeza.

Babu zetu waliijua subira hii kwa kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933, na mkulima wa ushirika alizoea malipo ya awali akishapeleka kahawa, kisha malipo ya pili baadaye soko likishajulikana. Ada ya shule ya wengi wetu ilikaa kwenye hayo malipo ya pili. Mweleze kijana habari hiyo mkiwa mnasafisha banda, si mkiwa mmekaa kikao.

Hatua ya nane: benki, simu na matapeli

Kopo likizidi elfu hamsini, litoke nyumbani. Benki zina akaunti za watoto: CRDB wana Junior Jumbo, NMB wana Mtoto Akaunti, na Chipukizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 17. Nenda naye tawini mwenyewe, siku ya wiki, na cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako. Mwache yeye aulize dirishani: kuna makato ya mwezi? Nani anaruhusiwa kutoa? Kiwango cha chini ni kipi? Kijana akishauliza maswali hayo mara moja hataogopa kaunta maishani.

Kwenye simu, mwonyeshe kwamba kuweka kwa wakala hakukati kitu lakini kutoa kunakata. Atoe 2,000 yake mwenyewe aone makato yanavyoiuma, aelewe kwa nini si vizuri kutoa kidogo kidogo. Namba ya siri haiambiwi rafiki, haiambiwi "huduma kwa wateja". Na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usomeni pamoja, mcheke, mfute.

Kubeti ni kesi ngumu zaidi. Kisheria ni miaka 18, lakini vijana wa kidato cha pili wanajua mkeka, ile orodha ya mechi za kubashiri, kuliko mzazi. Kumkataza tu hakutoshi. Chukua sarafu ya 200, mwambie arushe mara tano, na ashinde tu ikiangukia upande aliouchagua kabla, mara zote tano. Arushe, aandike, arudie. Kwa wastani itatokea mara moja katika majaribio 32. Mkeka wa mechi tano, kila moja ikiwa nusu kwa nusu, ndio huo huo. Wangu alirusha hadi vidole vikamuuma, akapata mara moja jaribio la 41. Sikuongeza neno.

Hatua ya tisa: ukikopa, kopa kama mtu

Siku utakayokwama itafika. Kwangu ilikuwa Januari, ada mbili na gesi imeisha siku moja. Nilimwomba binti yangu 15,000. Alikwenda kuleta daftari, akafungua nyuma, akauliza, "Utarudisha lini, baba?" Nikasema mwisho wa mwezi. Akaandika "Baba, 15,000, tarehe 31", chini ya yule jirani wa karanga. Tarehe 30 aliniuliza kama nakumbuka.

Hatua ya mwisho: miaka 18

Mtoto akitimiza 18 mambo matatu yafanyike ndani ya wiki chache, yasingoje chuo. Ajisajili NIDA apate kitambulisho cha taifa. Asajili laini kwa jina lake na kuhamishia salio lake huko, maana ya zamani ilikuwa kwa jina lako. Na muende wote benki kubadilisha ile akaunti ya mtoto iwe ya kwake, wewe utolewe kwenye sahihi. Mwende mapema asubuhi, na abebe cheti cha kuzaliwa halisi, si nakala.